Namna Kampuni Zinavyoingia Masoko ya Ugenini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wanafunzi wa biashara, wenye viwanda vidogo na viongozi wa vyama vya ushirika huuliza wanapoanza kujifunza jinsi biashara zinavyovuka mipaka na kuingia nchi zisizozijua. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Tunaposema kampuni "imeingia" soko la nje, tunamaanisha nini?

Tunamaanisha kwamba kampuni imeanza, kwa makusudi, kutafuta mapato katika nchi ambako haina wateja wanaoijua, haina watu wake, na haizifahamu vizuri sheria wala mazoea ya mahali hapo. Mtalii aliyenunua mifuko miwili ya kahawa dukani kwako Moshi na kuondoka nayo hajakuingiza katika soko lolote. Akikuandikia baada ya mwezi akitaka mifuko mia mbili, ukaanza kuuliza bei ya mizigo, vibali na namna ya kulipwa, hapo ndipo umefika mlangoni.

Kwa nini kampuni iliyofanikiwa sana nyumbani hushindwa ugenini?

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, maana hawezi kujificha katikati ya wengine. Mwanauchumi Stephen Hymer, katika tasnifu yake ya mwaka 1960, alilieleza jambo hilo kwa lugha ya darasani: kampuni ya kigeni huanza ikiwa na gharama ambazo mwenyeji hana, kwa kuwa mwenyeji amekua akiijua lugha, sheria, siasa na watu wa mahali pake, ilhali mgeni hulazimika kuyanunua maarifa hayo. Kwa sababu hiyo, anayetoka nje sharti awe na ubora fulani unaozidi gharama hizo, na ubora huo uwe unasafirika.

Mfano ninaoutumia kila mara ni wa Walmart nchini Ujerumani. Kampuni hiyo ya Kimarekani iliingia mwaka 1997 kwa kununua maduka 21 ya Wertkauf, na mwaka uliofuata ikanunua mengine 74 ya Interspar. Fedha ilikuwapo, na uzoefu wa kuuza kwa bei ya chini ulikuwapo pia. Lakini Ujerumani tayari ilikuwa na Aldi na Lidl, ambao walikuwa wameishi kwa bei ya chini kwa miaka mingi na walikuwa na maduka karibu na makazi ya watu. Mwaka 2000 mamlaka ya ushindani ya Ujerumani ikaiamuru Walmart, pamoja na washindani wake hao, iache kuuza baadhi ya vyakula vya msingi kwa bei iliyo chini ya ile waliyonunulia. Silaha yake kubwa ikawa imegongana na sheria.

Kisha kulikuwa na mambo madogo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayofundisha zaidi. Wafanyakazi walitakiwa kuwatabasamia wateja na kuwafungashia bidhaa zao kaunta, jambo ambalo wateja wengi wa Kijerumani waliliona kama kuingiliwa. Uongozi wa juu ulianza kwa mtu asiyezungumza Kijerumani. Kanuni za maadili za kampuni zilijaribu kuingilia hadi uhusiano wa kimapenzi baina ya wafanyakazi, na mwaka 2005 mahakama ya kazi ya mji wa Wuppertal ikakataa sehemu ya kanuni hizo. Mwaka 2006 Walmart iliyauza maduka 85 kwa kampuni ya Metro na kuondoka, ikiwa imekubali hasara ya takriban dola bilioni 1.

Ukimwuliza muuza duka yeyote wa Kijerumani wa wakati ule, angeweza kukueleza karibu yote haya kwa kikombe kimoja cha kahawa. Maarifa hayakuwa siri. Yalikuwa mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewauliza kwa wakati.

Kuna njia gani za kuingia, nami nitachaguaje?

Vitabu vya chuo huzipanga njia kama ngazi. Chini kabisa kuna kuuza kutoka nyumbani kupitia wakala au msambazaji wa huko, juu yake kuna kumpa mwenyeji leseni ya kutengeneza bidhaa yako au haki ya kutumia jina na utaratibu wako, kisha ubia, na juu kabisa kuna kununua kampuni iliyopo au kujenga yako mwenyewe tangu msingi. Kadiri unavyopanda, ndivyo unavyotia mtaji mwingi, unavyopata sauti kubwa katika uamuzi, na unavyoumia zaidi mambo yakiharibika.

Mpangilio huo ni sahihi, lakini hausemi jambo la msingi. Swali linaloamua ni hili: unakosa maarifa gani, na nani anayo? Kampuni ya Carrefour ya Ufaransa haikuja Nairobi yenyewe. Duka la kwanza, lililofunguliwa Karen mwaka 2016, liliendeshwa na Majid Al Futtaim wa Dubai, mwenye haki ya kutumia jina hilo katika nchi kadhaa. Wafaransa walichangia jina na utaratibu, naye wa Dubai akabeba mtaji na kazi ya kuijua Kenya. Safaricom nayo ilipotaka kuingia Ethiopia, soko lililokuwa limeshikwa na kampuni moja ya serikali, iliingia ndani ya muungano wa kampuni kadhaa, zikiwamo Vodacom na Sumitomo ya Japani. Muungano huo ulilipa dola milioni 850 kwa ajili ya leseni mwaka 2021, na huduma ikazinduliwa rasmi Oktoba 2022. Hasara ya mwanzo ilikuwa kubwa mno kubebwa na mmoja.

Kwa hiyo, anayekosa fedha hutafuta mbia mwenye fedha. Anayekosa wateja hutafuta msambazaji aliyekwisha kuwa nao. Na anayekosa kibali hutafuta anayeaminiwa na mamlaka. Ukimchukua mbia mwenye kile ulicho nacho tayari, utagawana faida na mtu ambaye hakukupunguzia ujinga wowote.

Je, si salama kuanza na nchi jirani?

Mara nyingi ndiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kampuni za Kiswidi zilizoea kuanzia nchi zilizofanana na kwao, zikauza kwanza kupitia wakala, kisha zikafungua ofisi ya mauzo, na baadaye kiwanda, huku kila hatua ikitokana na zilichojifunza katika hatua iliyotangulia.

Hata hivyo, kufanana kunaweza kulevya. Target, kampuni ya maduka ya Marekani, ilifungua maduka yake ya kwanza Kanada mwaka 2013. Lugha ilikuwa ileile kwa sehemu kubwa, na Wakanada wengi walikuwa wakivuka mpaka kwenda kununua huko. Januari 2015 ilitangaza kufunga maduka yote 133. Taarifa za bidhaa zilizoingizwa katika mfumo wa kompyuta zilikuwa na makosa tele, rafu zikabaki tupu ilhali maghala yamejaa, na bei hazikuwa zile ambazo wateja walizizoea upande wa pili wa mpaka. Waliingia mbio kwa sababu walidhani njia wanaijua.

Sisi tunaosema Kiswahili pande zote mbili za Namanga tunapaswa kulisoma tukio hilo mara mbili. Lugha moja haimaanishi kodi moja, wala mazoea yaleyale ya kukopesha, wala ladha moja ya unga.

Je, haya ni mambo ya enzi hizi za utandawazi tu?

La. Pwani yetu imekuwa darasa la somo hili kwa muda mrefu, na ushahidi umo ndani ya lugha yenyewe. Kitambaa cheupe cha pamba kisichotiwa rangi kiliitwa merikani kwa sababu kililetwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, ambaye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, alifika Zanzibar.

Wamarekani hao walikuwa wageni kabisa, tena wachache. Hawakujaribu kujenga mtandao wao wa kupenya bara. Walishirikiana na Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa amekodi haki ya kukusanya ushuru wa forodha wa Zanzibar na aliyejuana na kila mtu mwenye uzito bandarini. Kupitia kwake na wengine walijua ni uzito gani wa kitambaa unaotakiwa bara na shehena gani ya pembe, sandarusi au ngozi iko njiani. Merikani ilipendwa kwa uimara wake, nayo ikawa kama fedha katika njia za misafara. Waigaji walijitokeza, lakini wanunuzi walikipima kitambaa kwa vidole na hawakudanganyika upesi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipoikata pamba, nafasi ikawa wazi, na baadaye viwanda vya Bombay vikalitwaa soko. Jina merikani likabaki, ingawa Wamarekani wenyewe walikuwa wamekwisha kuondoka.

Ushanga ulikuwa mtihani mgumu zaidi. Kila eneo la bara lilikuwa na rangi na ukubwa lililoupenda, na mapenzi hayo yalibadilika. Msafara uliobeba ushanga usiotakiwa ulikuwa umebeba mawe, kwani haukuweza kununulia hata chakula cha wapagazi. Viwanda vya Venisi vilivyoutengeneza ushanga huo havikuweza kuyajua hayo bila ya wenyeji wa pwani kuwapelekea habari.

Kanga nayo ilifuata njia hiyo. Kwa miongo mingi ilichapishwa Ulaya, India na Japani, lakini mpangilio wa pindo, mji na jina ulitokana na wanawake wa pwani walioivaa, na maagizo yalitoka kwa wafanyabiashara waliowauzia, kama vile Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake hujulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Mchapaji aliyekaa maelfu ya maili mbali, asiyejua neno hata moja la Kiswahili, alichapa kwa usahihi msemo ambao jirani angeununua ili kumpasha jirani yake. Sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba kiwanda kinaweza kuwa popote, ilhali maarifa ya soko hubaki kwa aliye karibu na mnunuzi.

Kwa nini huduma moja hukubaliwa nchi hii na kukataliwa nchi nyingine?

Kwa sababu mteja hununua suluhisho la tatizo lake, na tatizo hilo huenda halipo kwingine. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, wakati ambapo watu wengi hawakuwa na akaunti ya benki, na mtu wa mjini aliyetaka kutuma fedha kijijini alimpa kondakta wa basi bahasha na kuomba Mungu. Ikaenea kwa kasi. Tanzania, ilikoanza mwaka 2008, ilisuasua mwanzoni kabla ya kushika, kwani kampuni iliyoileta haikuwa imelishika soko la simu kama Safaricom ilivyolishika la Kenya, na mawakala walipaswa kusambazwa katika nchi kubwa zaidi.

Afrika Kusini ilikuwa habari nyingine. Vodacom iliizindua huko mwaka 2010 kwa kushirikiana na benki ya Nedbank, ikilenga wateja milioni 10 katika miaka mitatu. Ilipofungwa Juni 2016, wateja waliokuwa wakiitumia walikuwa takriban 76,000. Watu wengi zaidi walikuwa na akaunti za benki, mashine za kutolea fedha zilikuwa nyingi, maduka makubwa yalikuwa tayari yakituma fedha, na kanuni ziliibana huduma hiyo ndani ya benki. Teknolojia ilikuwa ileile. Tatizo la bahasha na kondakta ndilo halikuwapo.

Mimi ni mkulima au mfanyabiashara mdogo. Mifano hii ya makampuni makubwa inanihusu nini?

Inakuhusu kwa kuwa mlango ni uleule, ila wewe huna bilioni ya kupotezea. Chukua parachichi. Mwaka 2019 China iliikubalia Kenya kuuza parachichi huko, na magazeti yakashangilia. Masharti yalipotoka, ilionekana kwamba tunda lilipaswa kumenywa, kutolewa kokwa, kugandishwa hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, kisha kusafirishwa likiwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Mkulima wa Murang'a mwenye miti arobaini hakuwa na mtambo huo, na hata wasafirishaji wengi wakubwa hawakuwa nao. Soko lilikuwa limefunguliwa kwenye karatasi na kufungwa kwenye kipimajoto. Kibali cha parachichi bichi kilikuja mwaka 2022, na shehena ya kwanza ikaondoka Agosti mwaka huo. Tanzania nayo ilipata makubaliano yake na China Novemba 2022.

Hata tunda bichi lina mitihani yake. Katika banda la kufungashia, mkaguzi hupasua tunda, huchukua vipande vya nyama yake, huvipima na kuvikausha kwenye maikrowevu hadi uzito usipungue tena. Ikiwa gramu 10 zimebaki gramu 2.4, mada kavu ni asilimia 24, na namba hiyo ndiyo inayosema kama tunda limekomaa kiasi cha kuweza kuiva vizuri rafuni. Tunda lililochumwa changa ili kuwahi bei husinyaa na kuwa kama mpira likiwa mikononi mwa mnunuzi wa Rotterdam, naye huandika barua pepe fupi sana. Meli nyingi zilipoanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa sababu ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu mwishoni mwa mwaka 2023, safari ya kwenda Ulaya iliongezeka kwa takriban majuma mawili, na kosa la kuchuma mapema au kupoza vibaya likawa ghali zaidi.

Je, mikataba kama AfCFTA (Eneo Huru la Biashara la Afrika) haiondoi vikwazo hivi?

Hupunguza ushuru, na hilo si dogo. Biashara chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2021, na Oktoba 2022 nchi nane, zikiwamo Kenya, Tanzania na Rwanda, zilianza kuijaribu kwa vitendo. Mkataba wa ubia wa kiuchumi baina ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika Julai 2024. Lakini ili upate nafuu hiyo ni lazima uthibitishe, kwa cheti cha uasili wa bidhaa, kwamba bidhaa yako kweli imezalishwa kwenu kwa kiwango kinachotakiwa. Vilevile ushuru sifuri hauondoi kanuni za mabaki ya viuatilifu, ambayo Ulaya, pale isipokuwa imeweka kiwango mahususi, huyawekea kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo.

Nitafanyaje utafiti wa soko nikiwa sina fedha nyingi?

Anza na namba ya forodha ya bidhaa yako. Tarakimu sita za kwanza hufanana duniani kote. Parachichi, kwa mfano, ni 0804.40. Kwa namba hiyo unaweza kutazama bure, katika hifadhidata ya Trade Map ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa kilichoko Geneva, nchi gani inanunua, kiasi gani, na kutoka kwa nani. Kazi hiyo huchukua alasiri moja na huondoa ndoto nyingi.

Baada ya hapo tafuta mtu. Ndugu anayeishi Muscat au Manchester anaweza kuingia dukani akakupigia picha za rafu: bei, ukubwa wa chupa, maandishi ya lebo, na nani aliyeagiza. Tafadhali usimwulize kama bidhaa yako ni nzuri, kwa sababu atakujibu kindugu. Mwulize yeye mwenyewe hununua ipi, na lini mara ya mwisho alibadilisha.

Tuma sampuli kabla ya kontena. Wazalishaji wa asali niliowahi kufanya nao kazi walipeleka katoni za kwanza katika nchi moja ya Ghuba zikiwa na lebo za Kiingereza na Kiswahili, kumbe sheria ilitaka Kiarabu. Kwa kuwa ulikuwa mzigo mdogo, stika zilichapishwa na kubandikwa chupa baada ya chupa ghalani kwa siku tatu. Nilishika chupa hizo mwenyewe, na stika ilikuwa imeficha picha ya nyuki ambayo tulibishania mwezi mzima.

Nifungane na wakala mmoja tu?

Unaweza, mradi mkataba useme kiasi cha chini atakachouza kila mwaka na namna ya kuachana. Niliwahi kuweka sahihi mkataba wa haki ya pekee ya miaka mitano bila ya kipengele hicho. Msambazaji alikuwa pia akiuza bidhaa ya mshindani wetu, na alichohitaji kutoka kwetu ni sisi kutokuwapo sokoni. Kosa lilikuwa langu, kwani karatasi iliandikwa vizuri kabisa.

Ni lini kampuni iamue kuondoka?

Iamue kabla ya kuingia, kwa kuandika kiasi ambacho iko tayari kupoteza na tarehe ya kutathmini. Anayengoja hadi aumie huamua kwa aibu, na aibu huongeza mtaji pasipostahili.

Je, ninahitaji shahada ili kujifunza mambo haya?

Shahada hukupa msamiati na hukufundisha kusoma hesabu za kampuni, lakini hakuna mtihani wa kuingia unaomzuia mtu mwingine kujifunza. Ninachowapa wanaoanza ni zoezi moja. Nenda dukani ukachukue bidhaa moja ya kigeni, iwe mchele wa Pakistani, tende za Saudi Arabia au sabuni ya Uturuki, kisha ufuatilie safari yake kwa kurudi nyuma: nani aliiingiza, ilipitia bandari gani, ililipiwa ushuru wa asilimia ngapi, nani alipewa haki ya kuisambaza, na ilichukua nafasi ya bidhaa gani rafuni. Zoezi huchukua majuma mawili hivi, na sehemu yake kubwa ni kupiga simu na kuketi kwenye mabenchi ya ofisi za mawakala wa forodha. Jina la mwagizaji na anwani yake kwa kawaida huwa nyuma ya pakiti, katika maandishi madogo karibu na tarehe ya kuisha muda wa matumizi.